Ushuhuda wa Mama

Mama mmoja fundi cherehani aliwalea wanawe wawili kwa sala. Kila jioni alifagia vipande vya vitambaa, akasogeza cherehani ukutani, wakapiga magoti watatu palepale sakafuni. Kila mmoja aliomba kwa sauti. "Msifiche kitu," aliwaambia. "Ya humu ndani yanaishia humu, sisi na Mungu."

Ndipo binti yake mkubwa, aliyekuwa ameshaingia kwaya ya vijana, akapiga moyo konde na kuomba aache kukojoa kitandani. Hata mdogo wake hakucheka. Waliliombea jambo hilo pamoja mpaka godoro likawa linaamka kavu.

Jumapili moja mchungaji aliita wenye ushuhuda. Mama akainuka, uso umemjaa furaha.

"Bwana asifiwe! Binti yangu huyo mnayemwona kwenye kwaya alikuwa kikojozi. Leo godoro kavu kama mkate wa juzi!"

Kanisa zima likapiga makofi. Wanakwaya wenzake wakaziba midomo, mabega yakiwatikisika. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

Njiani mama alimuuliza, "Umenuna nini, mwanangu? Si nimempa Mungu sifa yake?"

"Ulisema yanaishia humu ndani, mama."

"Lakini ni jambo jema! Tena limekwisha."

Jioni walipiga magoti kama kawaida. Zamu ya binti ilipofika, alisema, "Asante kwa chakula. Amina."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama."

Alikuwa na mengine mengi. Alingoja mama alale, akamnong'onezea Mungu peke yake.