Mvua ya Jumapili kule Mugoma

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali nikashindwa. Mkuu wa Kituo, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, alinitoa nje kabla hata sijaonyeshwa kiti, akaniambia nitazame juu.

"Unaona nini?"

"Mawingu, mzee."

"Mangapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Mawingu yanahesabiwa kama mbuzi? Yeye hakucheka. Akanifundisha palepale kuigawa mbingu kwa macho mafungu manane, na kila fungu lililofunikwa na wingu likaitwa okta. Mbingu iliyofunikwa nusu ni okta nne. Nilisimama pale shingo ikaniuma, nikasema tano, akasema sita, na alikuwa sahihi.

"Na ushike neno hili," akasema tulipoingia ndani. "Andika ulichokiona. Usiandike ulichokitaka, wala usiache kuandika kwa sababu umeogopa."

Mimi ni mtoto wa dukani, Biharamulo mjini. Babu yangu alitoka pwani na biashara ya vitambaa na chumvi, akapapenda, akabaki. Kwetu msichana alisoma madrasa, akasoma shule, kisha akangoja posa. Nilipoingia kazi ya kutazama mbingu, shangazi zangu walisema nimetupiwa kitu. Wallahi ulikuwa udadisi tu. Tangu utotoni nilitaka kujua mvua inajuaje kusimama katikati ya barabara, upande huu watu wanakimbia, upande ule wameanika mihogo yao raha mustarehe.

Nyinyi vijana mnaitazama simu ikawaambia kesho kutanyesha, mkadhani simu ndiyo imejua. Mwambieni anayewaambia hivyo aje nimwonyeshe uwanja wa vipimo. Kuna kibanda cheupe chenye kuta za mbao zilizoachiana nafasi, upepo upite na jua lisiguse, na humo ndani vinakaa vipimajoto. Kuna beseni la uvukizi, bati pana lenye maji, ambamo tunapima jua limekunywa kiasi gani. Mbwa na kunguru nao walikuwa wakija kunywa bila kujiandikisha, ikabidi tufunike wavu. Halafu kuna kipima mvua, chombo cha duara chenye faneli juu na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi unakifungua, unamimina maji kwenye gilasi ya kupimia, unasoma milimita, unaandika kwenye safu ya jana yake. Kwa jina la kazi ni kipima mvua, lakini sisi wenyewe tulikiita kopo.

Nilihamishwa nikapelekwa kituo cha ziwani, nikafanya kazi na wale wanaotabiri mawimbi. Watu wa maji wana madaha yao! Wao wakikosea mtu anazama, kwa hiyo hutembea kama wamebeba mayai. Baadaye nikarudishwa nyumbani na cheo kipya, Mkaguzi wa Vituo vya Mvua, Biharamulo na Ngara. Kazi yangu ilikuwa kuyazungukia makopo yaliyokabidhiwa walimu, mabwana shamba na watu wa misheni, nione kama yamesimama sawa na kama yanasomwa. Huko ndiko nilikopata jina la Mama Mvua, na hadi leo wapo wasiojua jina langu jingine.

Kila mwaka idara yetu ilikuwa na siku ya kuwatambua watumishi waliofanya vizuri katika sayansi ya bahari na hali ya hewa. Na kila mwaka cheti kilikwenda kwa watu wa maji. Sisi wa nchi kavu tulipiga makofi, tukala pilau, tukarudi. Kisha akaja Meneja wa Kanda mmoja, Mhaya, mtu wa haraka, akaniita ofisini kwake.

"Mwaka huu nataka mtu wa kopo," akasema. "Nipe jina."

Sikufikiri mara mbili. Nikamtaja Mwalimu Evaristi wa Mugoma, kule Ngara. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kopo letu lilikuwa katika uwanja wa shule yake, jirani na kanisa. Toka siku niliyomkabidhi hakuwahi kuruka hata asubuhi moja. Alipima siku aliyooa. Alipima akiwa na malaria, ameshikwa mkono na mkewe, Venansia. Kutoka pale kwenda Murusagamba kote hakukuwa na kopo jingine linalosomwa, na wakulima wa maharage upande ule walipangiwa siku za kupanda kwa tarakimu zake.

Wiki haikupita, Meneja akaniita tena. Safari hii hakunipa kiti.

"Mtu wako anapika takwimu," akasema. "Tazama. Kiangazi chote mbingu kavu, Ngara kavu, Biharamulo kavu. Mugoma kunanyesha. Na kunanyesha Jumapili tu! Pointi nne ya milimita, pointi nne, pointi tatu. Mvua gani hiyo inayokwenda kanisani?"

Nikatazama. Loo! Ni kweli. Mvua yenyewe ilikuwa ndogo, ya kulowesha vumbi tu, ndiyo maana nilikuwa nimeipita. Lakini ilikuwa pale, kila Jumapili ya kiangazi, kwa mwandiko safi wa Evaristi. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hii ilikuwa inakuja bila dalili.

"Nenda," akasema Meneja. "Ukirudi bila jibu, jina lake nalifuta na kopo nang'oa. Na wenzake wote wataambiwa sababu."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mwalimu akiitwa mwongo wa serikali, katika kijiji anachofundisha watoto wa watu, atatazama wapi?

Nikaondoka. Pale Nyakanazi, nikingoja basi la Ngara kati ya malori, nilikunywa chai nikiwaza. Umande? Umande hauchagui siku. Paa linadondosha? Kopo lilikuwa mbali na paa, nililipima mwenyewe. Watoto wa shule? Jumapili hawapo. Nakiri kwamba pamoja na hofu yote nilikuwa na raha fulani, ile ya mtu aliyepewa fumbo. Dereva mmoja wa lori aliniona nacheka peke yangu akauliza, "Mama, umeshinda bahati nasibu?"

Nikafika Mugoma Jumamosi. Evaristi alinipokea vizuri, mkewe akanipikia ndizi na maharage. Nilipotaja mvua ya Jumapili, alipiga kikohozi akaniuliza habari za Biharamulo. Nikajua kuna jambo, na nikajua hatalisema.

Jumapili wakaenda kusali. Mimi, Mwislamu, nikakaa barazani pa shule na kashata zangu, nikilitazama kopo kama paka. Mbingu nyeupe, hata okta moja hakuna. Misa ikaisha, watu wakatoka, wakatawanyika. Kisha akaja bibi mmoja mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi kichupa. Akatazama huku na huku, akalisogelea kopo, akamimina kifuniko kimoja cha maji ndani ya faneli. Akafanya ishara ya msalaba. Akaligonga kopo kidogo kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi.

Ala! Nikainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa mvua?"

"Ndiye. Mama, umeweka nini humo?"

"Maji ya baraka," akajibu bila wasiwasi wowote.

"Ya nini?"

"Ya kuita. Wewe ukitaka kuku aingie bandani, humtupii mtama kidogo? Selikali imeweka kopo, sawa, lakini tupu. Nani ataingia nyumba ambayo hakuna mtu?"

Mimi ambaye nimekunywa kombe la babu yangu, maji yaliyooshea aya, kila nilipougua, nitamcheka nani?

"Mwalimu Evaristi anajua?"

Pale pale akauvuta mtandio ukamfunika uso. "Simtaji huyo," akasema kwa sauti ndogo. "Amemwoa Venansia wangu. Akipita huku, mimi napita kule."

Basi fumbo likafunguka lote kwa mara moja. Kwa Wahangaza, wenyeji wa kule Ngara, mama mkwe ni mabukwe, na mabukwe hatazamwi usoni, haketi chumba kimoja na mkwe wake, seuze kukemewa. Nikamfuata Evaristi nyuma ya darasa.

"Ulikuwa unajua, Mwalimu."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukumkataza?"

"Nimkataze mabukwe?" Alinitazama kama niliyetukana. "Mama Mvua, wewe ungeweza?"

"Basi ungeyamwaga."

"Ulinifundisha mwenyewe nisimwage kitu kabla ya kupima. Ulisema niandike ninachokiona. Jumatatu nafungua, naona maji, naandika maji."

"Na pale pa maelezo, si ungesema kwamba si mvua?"

Akainamisha kichwa. "Watauliza ni nini. Nikijibu, nimemshtaki mama wa mke wangu kwa serikali. Nikiandika sifuri, nimeidanganya serikali. Nikaona niandike tarakimu, nikae kimya."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha machozi yakanitoka, na sikujua ni ya kicheko au ya nini. Nilimwonea huruma. Kiangazi chote mtu huyu alikuwa amebanwa kati ya mama mkwe na serikali, na hakumkosea hata mmoja wao.

Lakini kopo lilitakiwa lipone. Nikarudi kwa bibi. Nikamwambia serikali imefurahi na wito wake, ila kopo hili lina kazi ya kupokea, haliwezi kuita na kupokea kwa pamoja. Nikamwahidi kopo la pili, kuukuu, lililopasuka pembeni, ambalo lilikuwa katika stoo yetu.

"Na lenyewe ni la selikali?" akauliza.

"La serikali, mama. Limestaafu."

Akafikiri. "Lisimame mahali linapoliona lenzake," akasema. Tukakubaliana, na kabla ya mwezi kwisha nikalileta, tukalisimika chini ya ukuta wa kanisa.

Kwa Meneja nilieleza yote bila kuficha. Nikamwambia anayepika takwimu hapiki Jumapili tu, na pia kwamba, kwa kuwa Evaristi ameandika kila tone, tunaweza kuliondoa kila tone lisilo la mvua na tarakimu zikabaki safi. Akasikiliza akichezea kalamu.

"Mkwe?" akauliza mwishoni.

"Mkwe."

Akaiweka kalamu chini. Kisha akasema, "Wangu mimi kila msimu ananiletea senene. Zinaniwasha mwili mzima. Sijawahi kumwambia."

"Unazila?"

"Ninazila zote. Unadhani nitafanyaje?" Akachukua kalamu akalirudisha jina.

Siku ya cheti Evaristi alikaa katikati ya watu wa maji, wao na sare zao nyeupe, yeye na koti la kuazima lililomzidi mabega. Jina lake liliposomwa nilipiga vigelegele peke yangu ukumbi mzima, na sikuona haya. Cheti hakukining'iniza kwake. Alimpa Venansia akipeleke kwa mama yake, na bibi akakiweka ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria.

Sasa nimestaafu. Nipo Biharamulo, duka la babu limekuwa la mpwa wangu, na mimi ninafuga bata. Watu huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Nilidhani ningejibu mambo ya mawingu, kwa sababu bado sijui mvua inajuaje kusimama katikati ya barabara, na ninakusudia kuendelea kuuliza. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni watu waliosimama kila asubuhi mbele ya kopo, hakuna anayewatazama, wakaandika lililokuwepo.

Yule bibi alifariki msimu wa mvua uliopita, na siku ya maziko Mugoma ilinyesha mvua kubwa. Kopo lake lililostaafu waliliweka juu ya kaburi, yeye mwenyewe aliomba.

Kiangazi hiki, Jumatatu moja asubuhi, simu yangu ikalia. Evaristi.

"Shikamoo, Mama Mvua."

"Marahaba, Mwalimu. Mugoma mnasemaje?"

"Kopo lina maji."

"Kopo gani?"

"La serikali. Pointi nne."

Nikakaa kitako. "Mmepata mvua?"

"Mbingu nyeupe. Vumbi tupu." Nikamsikia anafungua daftari. "Venansia amenipa kile kichupa cha mama yake. Jana nimetoka kanisani nacho mkononi, nikapita pale. Nimeweka mimi. Sasa naandika nini?"

Mimi si mkaguzi tena, angeweza kumuuliza aliyekuja baada yangu. Aliniuliza mimi.

"Andika ulichokiona," nikamwambia. "Na safari hii pale pa maelezo pajaze. Hakuna utakayemshtaki."

Nikasikia kalamu. Kisha akanisomea, pole pole, kwa ile sauti ya mwalimu anayesoma imla: "Si mvua. Maji ya baraka. Yamewekwa na mkwe wa marehemu."

Nikamwambia aitume hivyohivyo. Nilipokata simu nilitoka uani, bata wakanizunguka wakidhani nina pumba, nikaitazama mbingu ya upande wa Ngara kipande kwa kipande, mafungu yote manane. Wallahi nilitamani nione japo okta moja.