Mwanamke wa Mamba Aliyekatwa Blauzi

Kanyiva hununua maembe yakiwa bado mtini. Anafika shambani huko Mbooni ya chini, anauzunguka mti, anashusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, kisha anasema, "Nzi wameshatoboa haya." Mwenye mti anaapa kwamba alipuliza dawa. Kanyiva anampa pole. Anamweleza kuwa mwaka huu kiwanda kinarudisha hata maembe mazuri, anajifunga leso vizuri, anaanza kurudi barabarani. Kabla hajafika kwenye ua, anaitwa. Nimeuziana na watu wa kila aina, na sijaona mwingine anayejua kuondoka polepole kama yeye.

Mimi nina duka la vitu vilivyotumika pale mjini Wote. Tulijuana siku alipokuja kutafuta kreti akaona mkebe mpana wa bati nilioupata Kiboko, kwenye boma ambako kuku walikuwa wakiunywea maji. Aliugeuza, akakwangua kutu kwa ukucha, akauita takataka, akaununua. Baadaye ndipo nikajua ulikuwa mkebe wa kubebea filamu, na kwamba kuna watu Nairobi wangenilipa vizuri kuliko yeye. Sikumchukia. Nilitaka tu kujua mnunuzi wa maembe anautakia nini.

Nyuma ya nyumba yake, Kikima, kuna stoo. Ukizipita kreti unakutana na mabango ya sinema kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati. Usifikiri ni sinema za heshima. Ni zile zilizokuwa zikizungushwa kwa lori, au kuonyeshwa kwenye vyumba vya video nyuma ya bucha. Wapiganaji wa karate wanaruka moto. Maiti wanafukua makaburi yao wenyewe. Wafungwa wanawake wameshika bunduki, nguo zao zimechanika mahali ambapo aliyezichana alijua anachofanya. Sisimizi mmoja ameshika basi kinywani.

Mumewe, Mulwa, ni shemasi. Nilimuuliza anaonaje kulala karibu na watu kama hao.

"Mimi sina neno," alisema. "Bora wasihamie sebuleni. Pasta akija kula, ale bila kuangaliwa."

Utadhani Kanyiva ni mpenzi wa sinema. Siye. Alikatazwa kuingia kwenye vyumba vya video akiwa msichana, kwa sababu kwao walikuwa watu wa kanisa, na msichana aliyeingia humo alisemwa hata na wauza nyama. Alichoruhusiwa ni kupita nje, na nje ndiko bango lilikobandikwa. Alipokuwa mtu mzima, mwenye simu yake na pesa zake, aliitafuta sinema moja ambayo bango lake lilikuwa na helikopta inayowaka juu ya ziwa na mwanamke ananing'inia kwa mkono mmoja. Aliitazama hadi mwisho.

"Helikopta haikuja," aliniambia.

"Na ziwa?"

"Ziwa wapi? Watu wamekaa kwenye chumba wanaongea tu."

"Ukakasirika."

"Nikasirike kwa nini? Aliyechora alijua kuuza. Aliyetengeneza sinema ndiye hakujua."

Tangu hapo hakutazama nyingine. Yeye hukusanya ile ahadi, basi. Na anaijua kazi yake. Ukimletea bango lililoviringishwa, laini, rangi imekaa sawa, analishika kwa vidole viwili na kukurudishia. Yale ya kweli yalitumwa yamekunjwa pamoja na filamu, kwa hiyo yana alama za mikunjo zinazokatana, na pale mkunjo ulipopita wino umebanduka ukaacha weupe. Anatazama matundu ya misumari. Ananusa. Niliwahi kumpelekea moja kutoka duka la Abdinoor, Kitui mjini, lililokuwa limetandikwa chini ya magunia ya sukari, na kabla sijamwambia lilikotoka alisema, "Hili limekaa na sukari."

Lakini kulikuwa na bango moja alilolitaka kuliko yote, na hilo alikuwa hana. Alilijua tangu utoto wake Kilungu, kwenye soko la Nunguni, alipokuwa akitumwa mafuta ya taa. Mwanamke anatoka mtoni, maji kiunoni, panga mkononi, na nyuma yake mamba amefungua kinywa. Jina la sinema lilikuwa la Kiingereza na wakati huo hakuwa amejua kukisoma. Aliwaeleza wakusanyaji wenzake, wale wanaotumiana picha kwenye simu. Hakuna aliyelijua. Mmoja alimwandikia kwamba huenda aliliota.

Mwaka jana alimsindikiza dada yake kwa fundi wa nguo, Mzee Nthiwa, hapo hapo Nunguni. Fundi huyu ndiye hushona blauzi za akina mama wa kanisa, zile nyeupe zenye kola pana. Karatasi zake za kukatia huning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani: mgongo, kifua, mikono, kola. Upepo ukaigeuza moja. Kanyiva akaona mkia wa mamba.

Hakupiga kelele. Aliniambia alikaa akahesabu vifungo kwenye kikopo ili uso wake upate kazi. Fundi, bila kuulizwa sana, akaeleza mwenyewe. Chumba cha video kilipofungwa aliomba lile bango kwa sababu karatasi nzito haikupatikana kirahisi, akalibandika kwenye kitambaa cha marekani kwa gundi ya unga ili lisichanike, kisha akalikata. Kila mama wa kanisa lile, mnene kwa mwembamba, alikuwa amekatiwa blauzi kutoka kwenye mwili wa yule mwanamke na mamba wake.

Sasa angalia alichofanya. Alikuwa na haja, na mtu mwenye haja Ukambani hasemi haja yake. Anaponda kwanza.

"Mzee, haya makaratasi machafu hivi bado unayatumia?" alisema. "Na picha za mashetani? Kwa nguo za kanisa?"

Mzee Nthiwa aliyatazama kama anayaona kwa mara ya kwanza. "Ni ya zamani, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa heshima ya Kikamba.

"Nishonee blauzi moja. Nikija kuichukua, unipe hayo kama nyongeza. Nitatandika kwenye kreti za maembe."

"Hata hilo si neno."

Kanyiva akarudi Kikima akiimba. Kwa hesabu yake alikuwa amelipata bango bure, na juu yake blauzi.

Siku ya kuichukua aliniomba twende naye, kwa sababu gari langu lina nafasi ya kulaza karatasi bila kuikunja. Tulimkuta fundi amesimama mlangoni, amevaa tabasamu. Akampa blauzi, na juu ya blauzi bunda la karatasi za kaki, mpya, zimekatwa sawa sawa kwa kipimo cha kreti.

"Hizi ni nini?" Kanyiva aliuliza.

"Za maembe yako. Ningekupa yale machafu, mwaitu? Ulinitia aibu ya haki. Nimechora mengine kwenye katoni, na yale nimewashia pasi."

Pasi yake ni ya makaa. Ilikuwa pale mezani, bado ina moshi.

 Nilimwona Kanyiva akiitazama ile pasi jinsi mtu anavyotazama mbwa aliyemla kuku wake.

"Yote?" aliuliza mwisho.

"Mikono, kola, kifua. Mgongo haujachomwa. Na hautachomwa."

Sababu ilijileta yenyewe: tukiwa bado tumesimama, aliingia Nzisa, muuza mboga wa kibanda cha pili, amevaa blauzi mpya iliyojisokota kifuani kama nguo iliyokamuliwa.

"Fundi, hii umemshonea nani?" alisema Nzisa. "Mimi nina mabega mawili."

"Nimekwambia uiache nitaifungua."

"Umeifungua jana. Leo imezidi."

Mzee Nthiwa alikaa kwenye kiti chake. Alitueleza, bila kumwangalia Nzisa, kwamba tangu achore kifua kipya hakuna blauzi iliyokaa. Mkutano wa akina mama ulikuwa karibu na blauzi kibao zilikuwa zimeagizwa. Ule mgongo ndio kitu pekee cha zamani kilichobaki. Hakuwa tayari kuuchora upya asije akauharibu nao, na hakuwa tayari kuutoa.

Kanyiva alifanya alilolizoea. Akasema mgongo peke yake haumfai kitu, kwamba alikuwa anamsaidia tu kuondoa uchafu, akajifunga leso, akatoka. Alitembea polepole hadi barabarani. Nikamfuata, kwa kuwa gari ni langu.

Tulisimama pale. Kutoka kibandani tulisikia cherehani ikianza kulia, *kere-kere-kere*, kwa utulivu kabisa. Hakuna aliyetuita.

"Anatuita saa hii," Kanyiva alisema.

"Hamwiti mtu. Ameshona nusu ya kola."

Alingoja mpaka akaanza kuchekwa na wauza parachichi waliotuona tumesimama bila kazi. Kisha akageuka. Sijawahi kumwona akigeuka.

Aliporudi hakukaa. Alisema yote akiwa wima, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: kwamba hakuyataka kwa ajili ya kreti, kwamba alikuwa akilitafuta bango lile tangu alipokuwa akitumwa mafuta ya taa, kwamba mwanamke yule alikuwa na panga mkono wa kulia na kovu begani, na kwamba watu walimwambia ameota.

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Si ungesema?"

"Ningesema, ungepandisha bei."

"Ningepandisha, ndiyo. Lakini ningekuwa nayo ya kukuuzia."

Nzisa alicheka hadi akashika meza. Mimi nilitazama dari. Hesabu ya mzee ilikuwa sahihi.

Kanyiva aliomba kuona ule mgongo. Fundi akautoa msumarini, akauweka mezani, lakini hakuuachilia upande mmoja. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Tundu la shingo lilikuwa limekula kichwa cha mwanamke chote. Palibaki bega lenye kovu, mkono, panga, maji, na sehemu ya mkia wa mamba. Mikunjo ilikuwa pale pale inapotakiwa kuwa. Kanyiva hakuunusa. Aliweka tu kidole penye kovu.

Kisha akauliza jambo lingine kabisa. "Kile kifua ulikichoraje? Kalamu ilipita wapi?"

"Pembeni, kukizunguka."

"Na hii karatasi ina kitambaa na gundi, nene kama chapati. Kalamu ikipita nje yake, kila upande umeongeza. Mimi hunakili mabango yangu kabla ya kuyagusa. Unaanza na kipimo, halafu unarudisha mstari ndani."

 Wakapatana hivi. Nzisa ataleta blauzi yake ya zamani ifumuliwe, na kifua kipya kitachukuliwa kutoka hapo. Kanyiva atanakili mgongo. Fundi atakata na kushona moja, Nzisa aivae. Ikikaa, mgongo wa zamani ni wa Kanyiva. Isipokaa, unarudi msumarini na hatauulizia tena.

"Na blauzi yangu ya zamani ikishafumuliwa?" Nzisa aliuliza.

"Unapata mpya bure," Kanyiva akasema.

"Mbili."

"Nzisa."

"Mbili. Wewe ndiye una haja."

Akapata mbili. Nikaona huyu mwanamke wa mboga tungempeleka kununua maembe.

Kanyiva alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akalaza katoni, akaanza. Fundi alisimama juu yake na futi yake ya kitambaa shingoni. Nakala ya kwanza aliikataa kwa sababu alama ndogo ya kukutanisha mkono na bega haikuwepo. Ya pili aliipima kila upande, akairudia, akachukua mkasi. Sisi tukakaa nje. Kanyiva, ambaye hupanga bei ya shamba zima huku anakula mahindi, alishika chupa ya soda hadi ikapata moto mkononi.

Nzisa alitoka nyuma ya pazia. Blauzi ilikuwa nyeupe, haijawekwa vifungo. Fundi alimgeuza, akamwinua mikono, akambonyeza katikati ya mabega. Haikujisokota.

"Inanibana kidogo kwapani," alisema Nzisa.

Kanyiva alimwangalia fundi.

"Hata ile ya zamani ilikubana," fundi akasema. "Hilo si la karatasi. Hilo ni la chapati."

Akauchukua mgongo mezani, lakini kabla ya kumpa aliunyanyua kwenye mwanga wa mlango. Miaka yote aliuona umelala kifudifudi juu ya kitambaa, upande wa picha ukiwa chini, akifuata kingo tu.

"Sasa niambie," alisema. "Huyu mamba alimla?"

"Sijui. Sijawahi kuiona hiyo sinema."

"Hujawahi?" Alimtazama, kisha akanitazama mimi kama anayengoja nieleze. "Haya yote, na hujui iliishaje?"

"Jina lenyewe silijui. Lilikuwa kwenye kola."

Mzee Nthiwa alivaa miwani yake. Akausogeza mgongo karibu na uso, akautazama ule mkono uliobaki, vidole vilivyolizunguka panga, na mshipa mmoja ambao mchoraji aliuchora kwenye kiwiko. Nzisa naye akaja, na blauzi isiyo na vifungo ameishika kwa mkono mmoja.

"Hapana," fundi akasema. "Mtu anayeliwa hashiki hivi."

"Hata mimi naona hivyo," Kanyiva akasema, na akanyoosha mikono yote miwili kuupokea.