Bibi Kizee wa Kaunta ya Tatu

Shangazi alikuwa mwongo wa kuajiriwa. Wengine hudanganya bure; yeye alikuwa na mkataba. Kampuni ya maduka ilimtuma kujifanya mteja, awapime wahudumu kisirisiri, kisha aandike ripoti. Leo mke wa mkurugenzi, pua juu. Kesho mama mkwe mwenye gubu. Kabatini mwake mawigi yalikuwa mengi kuliko sufuria jikoni. Majirani walidhani mjane huyu ana mabwana, naye akawaacha wadhani. Sifa ni sifa.

Jumanne alitumwa kama bibi maskini kwenye duka alimofanya kazi mtoto wa kaka yake, kijana aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Ilikuwa marufuku kumwonya mtu. Wala hakuona haja: kijana huyo kila Jumapili humwamkia kwa kuinama mpaka tai inachovya mchuzi.

Akavaa wigi la mvi, gauni lililochakaa na miwani mizito, akaenda kaunta ya tatu.

"Mwanangu, birika hili linawashwaje?"

Kijana hakumtazama hata usoni. "Bibi, hapa si makumbusho. Sogea, kuna wateja."

Shangazi alijifungia chooni na fomu yake. Heshima: sifuri hadi kumi. Kijana alikuwa na onyo moja tayari. La pili ni kufukuzwa. Alilia, akajilaani kwa malezi yake, kisha akaandika saba. Damu ni nzito kuliko maji, na kudanganya ndiyo kazi yake.

Jumapili kijana akaja na mchumba wake. "Shikamoo, Shangazi!" Kichwa chini, tai mchuzini. Walipokuwa wakila, akataka kumchekesha mchumba.

"Wiki hii nilijiwa na kibibi, basi! Kinachechemea hivi." Akainuka akachechemea. "Sauti kama mlango wenye kutu. Na vidole vimepasuka, utadhani tangawizi. Kinataka birika la umeme!"

Mchumba akacheka mpaka akapaliwa. Shangazi naye alicheka, ila kidogo. Wigi alilivaa. Gauni alilivaa, na miwani pia. Mguu, sauti na vidole vilivyopasuka kwa kuwafulia watu ili huyu asome, hivyo vilikuwa vyake mwenyewe.

Akafuta mikono, akachukua simu, akampigia msimamizi hapo hapo mezani.

"Samahani kukusumbua Jumapili," alisema. "Yule wa kaunta ya tatu, Jumanne, nilimpa saba. Nilidanganya. Andika sifuri."