Taa ya Kushoto

Mume wangu alikuwa dereva wa lori kabla hajawa mume wangu, na nilipomkubali yeye nililikubali na lori. Yale ya mwanzo yalikuwa ya matajiri. Hili la mwisho lilikuwa letu wenyewe, tulilinunua likiwa limechoka, tukalifufua kidogo kidogo kwa spea za mtaa wa Gerezani, na ndilo lililosomesha watoto wetu wote. Alikuwa akipakia bidhaa za madukani Kariakoo, anapeleka Songea, anarudi na mahindi. Mimi nina kibanda changu cha ndoo na mabeseni, mtaa wa pili kutoka sokoni. Tuliishi hivyo miaka mingi na hatukuwa watu wa kulalamika.

Basi akaanza kulalamikia taa. Kila akirudi safari, hata salamu haijaitikiwa vizuri, ni taa. Taa zimechoka, taa haziangazi, kushoto ni giza tupu na ukingo wa barabara anaukisia tu. Saidimira ya kushoto, kile kioo cha kutazamia nyuma, ikavunjika, tukanunua nyingine, nayo haikumaliza mwezi. Ubavu wa kushoto wa bodi ulichubuka mpaka nikamuuliza, "Wewe unaendesha lori au unalikuna?" Akacheka sana. Mdomo wangu huu ndugu zake waliuogopa, yeye alisema ndio uliomfanya anioe.

Tukakubaliana abadilishe taa, aweke zile mpya nyeupe, zenye vitaa vidogo vidogo vingi ndani ya kioo kimoja. Dukani tulienda wote, maana kwenye kupatana bei mume wangu ni mtoto mchanga. Mwenye duka, mzee wa Kiarabu aliyerithi duka la spea kwa baba yake, aliniona naingia akashusha pumzi, akasema, "Leo umekuja na mama, leo sina changu." Tulitoka na maboksi mawili. Mume wangu aliyapakata njia nzima kama keki ya harusi.

Fundi wetu wa umeme wa magari anafanyia kazi Gerezani, kwenye uwanja mdogo unaotazamana na ukuta wa godauni, nyuma yake mabasi ya mwendokasi yanapita siku nzima. Ni mtu mzima mwenye familia yake, mpole, haongei akiwa na waya mdomoni. Alifungua taa za zamani, akatuonyesha waya uliokauka na kupasukapasuka, akasema taa mpya hazifungwi kwenye waya wa namna hiyo, utaungua. Akavuta waya mpya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akafunga relei, kile kiboksi kinachobeba mzigo wa umeme ili swichi isiteketee. Akakwangua rangi kwenye chasisi mpaka chuma kikang'aa, ndipo akakaza waya wa hasi hapo. Mimi nilikaa juu ya tairi bovu nikitafuna karanga na kumsimamia, na mume wangu akanisimamia mimi nisimkere fundi. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa mpaka jioni.

Adhana ya magharibi ilipokwisha, giza likawa linatosha kujaribia taa. Lori lilikuwa limeelekezwa ukutani. Mume wangu akapanda kwenye kabini, fundi akasimama pembeni, akamwambia, "Washa, mzee."

Loh, zilikuwa taa. Ukuta wote ukawa mweupe, mpaka nyufa zake ukaziona. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo ng'ambo ya uwanja akajikinga uso kwa mwiko, akatuuliza kama tunataka kumpofua. Nikapiga makofi.

Mume wangu akatoa kichwa dirishani. "Fundi, ya kushoto haijawaka."

Fundi akatazama ukuta. Na mimi nikatazama. Palikuwa na miduara miwili ya mwanga, sawasawa, huku na huku.

"Zote zinawaka, mzee wangu."

"Ya kushoto haijawaka, bwana. Ninayeangalia ukuta si ni mimi?"

Nilidhani anamtania. Fundi alidhani waya umelegea, mwanga unakuja na kukatika, akaenda akatikisa soketi, akauliza, "Na sasa?" Bado. Akamwomba ashuke aje ajionee mwenyewe. Mume wangu akakataa, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupanda. "Nishuke nikaone nini? Dereva anaona barabara akiwa amekaa hapa. Hapa nilipo, kushoto hakuna taa."

Fundi wa umeme akikosa ubovu, huhamisha. Cha kulia anakipeleka kushoto, cha kushoto anakileta kulia. Ubovu ukihama, ameshaukamata. Usipohama, anautafuta kwingine. Basi akafungua taa zote mbili akazibadilisha. Mume wangu akasema bado, kushoto hamna kitu. Akabadilisha nyaya. Bado. Akatoa relei ile mpya akaweka ya kwake ya akiba. Mume wangu akapiga usukani kwa kiganja akasema kazi gani hii, siku nzima mtu anafunga taa mbili tu zinamshinda. Fundi akaifuta mikono yake kwa kitambaa, muda mrefu, halafu akaja mpaka pale kwenye tairi nilipokaa, akainama.

"Mama," akaniambia polepole, "gari halina ubovu."

Nilimwelewa papo hapo. Sijui kwa nini nilimwelewa upesi hivyo. Niliinuka kwenye tairi, nikalizunguka lori, nikapanda kabini upande wa utingo. Nikakaa kushoto kwake. Mbele yetu ukuta ulikuwa mweupe wote, kutoka pembe hadi pembe.

"Geuza kichwa," nikamwambia. "Angalia huku kwangu, halafu uangalie ukuta."

Akageuza.

"Haya, sasa imewaka," akasema, na akatabasamu. "Si niliwaambia?"

Fundi alikuwa amesimama uwanjani, mikono mitupu, hajagusa kitu.

Mume wangu alimwona. Akarudisha uso mbele, akatulia. Akageuza tena kichwa kwangu, taratibu, akarudisha tena. Alifanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyemzuia. Mwisho akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama watoto, inazimika nikitazama mbele."

Niliogopa. Nimezaa, nimezika, nimeunguliwa na kibanda, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndani ya kabini ile.

Alizima taa mwenyewe. Tukakaa kwenye giza. Baadaye akaanza kulia, kaulaza uso kwenye usukani. Nilidhani analilia macho yake. Kumbe sivyo.

"Watu wanatembea upande huo," akasema. "Vijiji vyote vile. Watoto wa shule wanapita kushoto, mimi napita nao, na kumbe siwaoni."

Nikamwambia hakugonga mtu, Mungu alimlinda. Akaniuliza, "Umejuaje?" Sikujua. Nilimwambia tu.

Usukani wa lori hakuushika tena. Fundi ndiye aliyetafuta dereva wa kulirudisha nyumbani usiku ule, na mume wangu alikaa katikati yetu, kaganda, akiangalia magoti yake.

Hospitali walituambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi, na la kulia lilikuwa linaliwa kuanzia pembeni. Haliumi, ndiyo maana mtu hajui. Jicho zima hulifichia bovu. Nikamuuliza daktari, kilichopotea kinarudi? Akasema hakirudi. Wakampa dawa ya matone ya kulinda kile kilichobaki, na aliitia kwa saa zake kama anavyoswali, hakuruka hata mara moja. Haikusaidia. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mwenyewe. Ningepata mtu mmoja wa kumtukana, daktari, fundi, muuza taa, yeyote, labda ningelala. Hakukuwa na mkosaji. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na wakishasema wanakwenda zao, unabaki wewe na tope.

Lori tukampa dereva mwingine, kijana wa watu, mstaarabu. Lakini mume wangu hakukubali lori liondoke bila yeye kulikagua. Kila likipakia Kariakoo nilifunga kibanda, nikampeleka. Alilizunguka akilipapasa tairi, kamba, turubai. Mwisho alisimama mbele, akamwambia dereva awashe, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akasema haya, nenda salama. Alivyozidi kukigeuza kichwa ndivyo nilivyojua tulipofika, wala sikumuuliza. Yeye naye hakuniambia.

Juzi tu, jioni, mzigo ulikuwa umeshafungwa. Akasimama mbele ya lori, hatua moja kutoka kwenye bampa. Dereva akawasha, tena fulu. Mwanga ukampiga mwilini mzima, nikaona kila unywele mweupe wa ndevu zake, nikaona mshono wa kola ya shati. Wapagazi wakageuza nyuso, mmoja akajifunika kwa gunia. Mume wangu alisimama wima, macho wazi, hapepesi, anasubiri.

Kisha akaninong'oneza, kwa adabu kabisa, asimwaibishe dereva wa watu, "Mbona hawashi?"

Nikamwambia, "Ameshawasha, baba." Nikamshika mkono, nikamtoa mbele ya gari ili lipite.