Kwa Nini Wananiita Papa Nyasi

Siku ile naikumbuka kwa miguu kabla ya kichwa, mwanangu. Hadi leo nikisikia matete yakisuguana kwa upepo, miguu inasimama yenyewe, na mke wangu ananicheka. Usinicheke na wewe. Nimesikia kwamba kesho kutwa wewe na wenzako mtakimbia kando ya mto Lukuga, ili watu wachangie materinite yetu, nyumba ya kujifungulia, iliyoingiwa na maji ya ziwa. Vizuri sana. Lakini kabla hujafunga kamba za viatu, nisikilize mimi, mwoga mkubwa wa mtaa huu. Mbio za kwanza za mto ule tulikimbia sisi wawili, mimi na babu yako Zakaria, Mungu amlaze pema.

Tulikuwa vijana wa parokia. Materinite ilikuwa kuta tu, juu wazi, na akina mama walijifungulia majumbani, na wengine tuliwazika. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alisimama kanisani akatoa ahadi. Vijana wawili wakimbie njia ya mtoni, ile ambayo watu walipita wakivuta mitumbwi ya mizigo kwa kamba. Kila kijiji watakachofika kwa miguu yao na kunywa maji kwa mkubwa wa kijiji, yeye atatoa mabati. Wakiruka kijiji, mabati yake hayatoki. Watu walipiga makofi. Babu yako akasimama. Mimi pia nilisimama, maana alikuwa amenishika mkono akanivuta.

Yeye alikuwa na kifua. Mimi nilikuwa na woga. Niliogopa radi, niliogopa mbwa, niliogopa hata kuku wa mama yangu akiwa na vifaranga. Lakini kukimbia nilijua, labda kwa sababu hiyo hiyo.

Tulikwenda vizuri. Yeye mbele akipiga mluzi, mimi nyuma, na kila kijiji tulikunywa maji, tukashangiliwa, tukahesabu paa likikua. Mwishowe vilibaki vijiji viwili tu. Kuvifikia, mto unajipinda katika matete marefu kuliko mtu, na njia inapita humo humo. Reli iko mbali, juu kilimani, wala haifiki vijiji vile.

Pale matete yanapoanzia tulimkuta mama mmoja akitoa mihogo aliyoiloweka majini. Hakutusalimu. Kwetu, mwanangu, unajua, mama asiyesalimu mgeni ana jambo. Aligonga beseni lake kwa fimbo, akasikiliza, akagonga tena. Ndipo akasema:

“Musipite mule, wanangu. Kiboko iko na mutoto. Tangu jana hakuna mutu anashuka kule.”

Babu yako alimshukuru kwa heshima zote. Kisha tukaingia.

Mle ndani hakuna upepo. Unaona mgongo wa mwenzako na kipande cha mbingu, basi. Matope yalitushika vifundoni, mbio zikawa kutembea. Kisha nikaona unyayo, mpana kama sahani ya kulia, na maji yalikuwa bado yanajaa ndani yake. Hatua chache mbele tukasikia pumzi. Ilikuwa nzito, ya kitu kikubwa kinachotoa maji puani, na sikujua inatoka kulia au kushoto.

Nilitaka kusema. Kinywa kilikataa. Nilifikiria wale akina mama, nikafikiria kanisa zima likiniuliza kama ni pumzi tu iliyonirudisha. Nikaona aibu. Moyo ulikuwa umekwisha kusimama, lakini miguu inaendelea kufuata mgongo wa mtu, na sijawahi kuogopa tena maishani kama nilivyoiogopa miguu yangu mwenyewe. Ndipo nikagundua kwamba mluzi umenyamaza. Sijui ulinyamaza lini.

Nikakaa chini, pale pale kwenye matope.

“Zakaria, miye ninaogopa. Siendelei.”

“Simama! Na mabati?”

“Mabati yabaki. Ninaogopa.”

Aligeuka. Nilingoja matusi, hata kofi. Aliniinamia, akanishika mkono.

“Na miye,” akasema. “Toka kwa yule mama na beseni yake, ninaogopa. Nilikuwa nangojea weye useme.”

Tulirudi kinyumenyume, tumeshikana mikono kama watoto wa shule, hatukuthubutu kuyapa matete mgongo. Yule mama aliacha mihogo yake. Alitumiminia maji tukanawa matope.

Je, kiboko alikuwamo? Sijui. Hatukumwona, na sikusikia kwamba alimdhuru mtu. Hilo ndilo lililoniumiza. Mfanyabiashara alitimiza neno lake: vijiji viwili vimerukwa, mabati yao hayakutoka. Chumba kimoja cha materinite kikaezekwa kwa nyasi, na mimi, niliyekaa matopeni, nikaitwa Papa Nyasi, yaani Baba Nyasi. Sokoni, Papa Nyasi. Arusini, Papa Nyasi. Nilianza kupita njia za nyuma ili nisisikie.

Masika moja bibi yako, mke wa Zakaria, akashikwa na uchungu. Vyumba vya bati vilikuwa vimejaa, wakamlaza kwenye kile cha nyasi. Mvua ikanyesha, mvua yetu hii unayoijua. Nilisimama nje nimebana ukutani, nikisikia matone yanavyoanguka ndani, na niliomba Mungu mtu yeyote asife mle, maana ningekufa naye. Majirani waliokuwapo waliniangalia, kisha wakaangalia paa.

Mtoto akalia. Babu yako akatoka, shati limelowa, amebeba kifurushi. Ndani alikuwa mama yako, tone la maji ya nyasi liko kwenye paji la uso wake. Zakaria aliita kwa sauti ili wote wasikie:

“Papa Nyasi, pokea mutoto! Kama tungeendelea mule matete tulete bati zote, pengine baba yake angekufa; huyu angekuwa wapi?”

Nikampokea. Tangu siku hiyo, ukiniita jina hilo naitika haraka.

Basi kimbia, mwanangu, sikukatazi. Lakini mama wa mtoni akikuambia usipite, usimshukuru ukaingia; mshukuru ukarudi. Na ukiogopa, sema. Sema mapema na kwa sauti, kabla miguu haijakupeleka, kwa sababu huenda yule anayekimbia mbele yako naye amenyamaza, anangoja wewe uanze. Kazi ya wema haidai maiti yako.

Mungu atangulie mbele yako katika kila kona ya mto, akuzibue masikio, akurudishe kwa mama yako na matope miguuni. Na mabati yakipungua, njoo uniambie. Nyasi nzuri za kuezekea bado najua zinakoota.