Supu Iliyotiwa Chumvi Mara Mbili

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, mwanamke anageuza kopo dogo la bati, linagonga ubao wa rafu jikoni. Ko! Halafu kimya.

Chumbani, mume wake anajigeuza kitandani. "Hata leo unatia chumvi? Si umesema uko likizo?"

"Maharage yako ya siku mbili hayo, baba watoto. Ukifa njaa, watu watasema nilikukimbia."

"Nenda, nenda. Supu yako inakuita. Mimi nimeshazoea kuachwa."

Anacheka, anachukua mkoba, anatoka kwenda kuwahi basi la mjini.

Ni mpishi wa shule ya bweni, na wanafunzi wanamwita Mama Mwiko. Kwa miaka kumi na tisa amewapikia watoto zaidi ya mia nne, mara tatu kwa siku. Yeye hula mwisho, amesimama, kwenye bakuli lolote lililobaki.

"Ukipikia watu mia nne, moshi wenyewe unakushibisha," anasema. "Sisemi chakula changu ni kibaya. Ila ulimi unakuwa umeshakimaliza kabla sahani haijaja. Natamani kula kitu ambacho sijui kimetiwa nini."

Hamu hiyo ndiyo inayompeleka mjini mara moja kwa mwaka, shule zikifungwa. Siku mbili tu. Nauli na pesa ya kula huzidunduliza miezi kumi, na usiku hulala kwa binamu yake. Haendi kununua nguo wala kutazama majengo. Anakwenda kukaa kitini, aletewe.

"Mhudumu akiniuliza, 'Mama, nikuletee nini?', mimi nanyamaza kwanza," anasema huku akicheka. "Nataka aniulize tena."

Migahawa aipendayo ilikuwa miwili. Ule wa chai na mayai, karibu na stendi, mwaka huu anaukuta umekuwa duka la simu. Anasimama mlangoni kitambo, mkoba mkononi. Muuzaji anamuuliza anatafuta simu gani.

"Natafuta meza iliyokuwa pale kwenye kona."

Muuzaji hamcheki. Anamvutia kiti, anampa maji ya kunywa, anamwacha apumzike mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka.

Umebaki mmoja: mgahawa wa supu ya samaki, meza sita, nyuma ya soko. Mpishi wake ni mwanamke wa miaka sitini na mbili ambaye kila mtu humwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Walijuana miaka minane iliyopita. Mama Mwiko, kwa mazoea ya kazi, alidondosha supu kiganjani akailamba. Mpishi alimwona kupitia kidirisha cha jikoni, akatoka mbio.

"Wewe ni wa jikoni," alimwambia. "Watu wengine hawaonji hivyo."

Tangu siku hiyo, meza ya karibu na kidirisha ni yake.

Leo anakaa hapo hapo. Supu inakuja, mvuke unapanda. Anadondosha kiganjani, analamba, anafumba macho. Chumvi. Tena si kidogo: imetiwa mara mbili.

Meza ya pili, mwanamume mmoja analisukuma bakuli lake. "Leo mmetupikia bahari?"

Mhudumu anamwomba radhi. Kisha anainama kwa Mama Mwiko na kumnong'oneza kwamba hii ni mara ya tatu wiki hii, na mwenye mgahawa ameapa kwamba ikifika mara ya nne atatafuta mpishi mwingine.

Angeweza kunywa akanyamaza. Mwaka mzima ameingoja supu hii. Anabeba bakuli lake, anaingia jikoni.

"Dada, umetia chumvi mara mbili."

Dada Mkubwa hageuki. Anasugua sufuria ambayo imeshatakata. "Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi una bahati. Mimi tangu ile homa ya mwezi wa tatu, ulimi umekufa. Chumvi, ndimu, pilipili, vyote kwangu maji. Natia, nasahau, natia tena. Miaka thelathini na moja nimepika kwa ulimi, mdogo wangu. Sasa nipike kwa nini?"

"Kwa kopo."

Anapekua rafu mpaka anapata kopo tupu la nyanya. Shuleni, anamweleza, wapishi ni watatu na kila mmoja ana haraka zake, kwa hiyo chumvi ya sufuria nzima hupimwa mapema na kukaa ndani ya kopo. Ikishamwagwa, kopo linageuzwa.

"Kopo likisimama, supu haina chumvi. Likilala kifudifudi, usiguse, hata aje mwenye mgahawa mwenyewe."

Wanabandika sufuria nyingine. Chumvi inaingia kijiko kwa kijiko, Mama Mwiko akionja kiganjani, mpaka anasema, "Hapo." Dada Mkubwa anajaza kopo kwa idadi ya vijiko hivyo, anakwaruza alama ndani kwa ncha ya kisu, kisha anachota mabakuli.

Yule mwanamume anapelekewa jingine. Analinywa lote. Anaomba la pili.

"Yaani nimekuja likizo kupika!" Mama Mwiko anacheka, jasho likimtiririka.

"Toka jikoni kwangu. Kakae."

Anakaa. Safari hii haji mhudumu. Anakuja Dada Mkubwa mwenyewe, kitambaa begani, anasimama kando ya meza.

"Mama, nikuletee nini?"

Mama Mwiko ananyamaza.

"Mama," mwenzake anauliza tena, taratibu, "nikuletee nini?"

Anakula mpaka anafuta bakuli kwa mkate.

Mpango wake sasa ni kurudi likizo fupi ya katikati ya muhula, safari hii na mumewe. "Aje aone anaachwa kwa ajili ya nini," anasema.

Dada Mkubwa anamsindikiza hadi mlangoni, amemshika mkono, hauachii.

"Mlete. Lakini rudi kweli, mdogo wangu. Watu watakunywa, watalipa, wataondoka. Mimi sitajua kama supu yangu ni tamu mpaka wewe uje uniambie."