Pua ya Mtoto

Kila Jumanne fundi cherehani alifunga duka mapema, akabeba mfuko wa vinguo vidogo hadi wodi ya wazazi. Vilikuwa vya watoto waliozaliwa wameshafariki. Alijitolea tu: anawavisha, anawapa mama zao wawapakate, kisha anakaa nao.

Jumanne hiyo nesi alimwonyesha kitanda cha mwisho. Aliyelala pale alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Miaka tisa iliyopita, yeye mwenyewe alipojifungua mtoto asiye na uhai, wifi huyu ndiye aliyewaamuru manesi, "Mwondoeni, asimwone. Hiyo ni mimba iliyoharibika, si mtoto." Wakamwondoa. Fundi hakuwahi kujua sura ya mwanawe.

Sasa maneno yale yale yalimjaa mdomoni. Akayameza. Akamvisha mtoto gauni jeupe, akamfunga kofia, akamlaza mikononi mwa mama yake.

Wifi alimtazama mtoto kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka. "Ana pua ya yule wako," akasema.

Fundi akashtuka. "Kumbe wewe ulimwona?"

"Nilimwona, wifi. Nilimshika kabla hawajampeleka."

"Miaka tisa yote hujaniambia?"

"Nilidhani utasahau."

Fundi alikaa naye saa nzima, kama anavyokaa na kila mama. Wengine huwashika mkono. Huyu alishindwa kumshika. Macho ya fundi hayakubanduka kwenye ile pua ndogo.